Milioni moja na nusu, PC ya kwanza ya gemu: vipuri vipya au mtumba wa ofisi?

Dogo wa Ngarenaro
Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo. Nimedunduliza hadi imefika 1,500,000. Nataka PC ya kwanza ya gemu, niko Arusha. Fundi mmoja hapa mjini ananishauri nichukue deskitopu ya ofisi ya mtumba, OptiPlex ya Dell, nichomeke grafiksi kadi, basi. Rafiki yangu anasema huko ni kutupa hela, nijenge kwa vipuri vipya: prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450 au B550, nijipange taratibu. Monita sina. Naombeni mwongozo, matusi hapana.

Mzee wa Sakina
Marahaba. Mtumba, usiulize mara mbili. Mashine za ofisi zimeundwa ziwake kutwa nzima, miaka na miaka, bila kulalamika. Hela inayobaki weka kwenye kadi, maana kadi ndiyo inayocheza gemu. Hawa wa vipya wanajenga ili wapige picha taa za rangi waweke status.

Chalii wa Kijenge
Mzee, taa za rangi zimekukosea nini? Yangu ina feni sita zinawaka na bado ndani kuna 5600, kori 6 thredi 12. Taa nimenunua kwa hela yangu, sijakukopa. Wewe endelea na hilo boksi jeusi lenye stika ya namba ya ofisi ya watu.

Mzee wa Sakina
Stika inabanduka. Deni la feni sita halibanduki.

Bibi Data
Dogo, unacheza gemu gani? Jibu hilo kwanza.

Fundi Solda
Wote wawili mnaruka mambo. OptiPlex zina miili tofauti. Ile nyembamba haipokei kadi ya kawaida, inataka zile fupi za kimo cha chini, na hizo ni chache na bei yake ina kiburi. Chukua mnara. Halafu pawa saplai zake nyingi plagi si za kawaida, kwa hiyo ikifa huendi dukani ukachukua yoyote ukachomeka. Adapta zipo, utazitafuta. Na waya wa kupeleka umeme kwenye kadi mara nyingi haumo kabisa, unabaki na umeme wa slotini tu, wati 75. Kwa wati 75 unapata kadi kama GTX 1050 Ti, au 1650 ile isiyo na plagi. Si mbaya, ila ujue hapo ndipo mwisho.

Kingine: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025. Windows 11 kihalali inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu. OptiPlex 7050 ni kizazi cha 6 na 7, imebaki nje. 7060 imo. Muuzaji atakuwekea 11 kwa ujanja, itawaka vizuri tu mbele yako, utajua mbele ya safari.

Mzee wa Sakina
"Bei yake ina kiburi" ni maneno ya mtu anayeuza vipya. Una duka?

Fundi Solda
Sina duka. Nina solda.

Kibo Baridi
Niko Moshi, nawasoma kimya kimya. Hamjagusa pawa saplai mpya za bei chee. Zile zinazokuja bure na kesi zimeandikwa wati 500, lakini hizo wati ziko kwenye stika. Inyanyue mkononi, ni nyepesi mpaka unashangaa. Na msidanganyike na nembo ya 80 Plus peke yake. Hiyo inaeleza umeme kiasi gani haupotei kuwa joto, haikwambii kama umeme ukiruka itaikinga mazabodi. Dogo, hela weka hapo kabla ya feni sita. Ukimaliza tafuta UPS, boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, na si ile friji gadi ya mama jikoni.

Chalii wa Kijenge
Feni sita zimewauma kweli kweli. Kibo Baridi, huko Moshi umeme wenyewe unakonyeza, lazima muogope. Njooni mnunue vitu huku jijini. Huko kwenu duka la vipuri ndilo hilo hilo la vitenge na vocha.

Kibo Baridi
Jijini! Mtu wa Arusha akitamka "jiji" lazima anyooshe shingo kwanza. Gridi ni moja, ya Taifa. Ikianguka tunakaa giza wote, tofauti yenu ni jenereta za mahoteli ya watalii. Na umeme tunauzalisha sisi, Nyumba ya Mungu iko Kilimanjaro.

Mkazi wa Njiro
Nyumba ya Mungu ni megawati 8, mkuu. Bwawa la Mwalimu Nyerere ni 2,115. Hizo 8 ukizigawa kwa nchi nzima hazifiki hata kwa jirani yako.

Mwana wa Pasua
Nane ni nane. Arusha mna ngapi? Mna mnara wa saa.

Mkazi wa Njiro
Tuna watalii, na wanatua na ndege.

Mwana wa Pasua
Wanatua KIA. KIA iko Hai, mkoa wa Kilimanjaro, tangu 1971. Mnaiazima kwenye vipeperushi.

Chalii wa Kijenge
Mtalii akishuka hapo anageuza gari kuja wapi? Serengeti iko Majengo?

Mwana wa Pasua
Mlima uko wapi?

Dogo wa Ngarenaro
Wakuu, kuhusu kadi jamani. Kuna jamaa ananiuzia RX 580 ya 8 GB, mwingine ana 1660 Super. Zote zimetumika. Nichukue ipi?

Kahawa Chungu
Uliza zilitumika wapi. Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, walipoachana na uchimbaji Septemba 2022, kadi zilizokuwa zinachimba usiku na mchana zilimwagwa sokoni dunia nzima. Muuzaji atakwambia "ilikuwa ya mdogo wangu, anaangalizia muvi". Huyo mdogo wake ana kadi nane.

Mzee wa Sakina
Kadi ya uchimbaji si maiti. Nyingi ziliendeshwa kwa umeme mdogo na moto usiobadilika. Badilisha feni, paka pesti mpya, inaendelea na maisha. Hofu hizi zinaenezwa na wenye maduka.

Kahawa Chungu
Mzee kila anayekupinga ana duka. Basi Arusha nzima ni Kariakoo.

Fundi Solda
RX 580 angalia sana. Kuna inayoitwa 580 2048SP, ilianzia China. Ile ni 570 iliyovalishwa jina. 580 yenyewe ina viini 2304, hiyo ina 2048. Na kuna 1050 Ti za uongo kabisa: kadi ya zamani imebadilishiwa BIOS, programu yake ya ndani, ijitaje jina la watu. Nenda na GPU-Z, programu inayoonyesha kadi ni ipi hasa, kwenye flashi, ifungue palepale dukani, halafu iendeshe gemu mbele yako. Akisema hana muda wa kusubiri, na wewe huna hela ya kumpa. Kama 1660 Super ni nzima, bora hiyo, inakula umeme mdogo kuliko 580. Lakini kumbuka nilichosema, zote mbili zinataka waya wa pawa saplai, kwenye OptiPlex usitegemee.

Mkazi wa Njiro
Mnamchosha mtoto. Panda gari asubuhi, mpakani Namanga ni kilomita mia na kidogo, mchana uko Nairobi. Vipuri vimejaa na VAT yao ni 16, yetu 18. Nchi mbili, akili moja.

Kibo Baridi
Ndiyo maana tunasema Arusha ni kata ya Nairobi.

Mkazi wa Njiro
Na mpaka wenu wa Holili unaelekea wapi? Mombasa mnaendaga kuogelea tu?

Mama Ledger
Samahani, hapa kuna upotoshaji. Ushuru wa forodha wa kompyuta Afrika Mashariki ni sifuri, hilo sawa. Lakini VAT unailipa huku unapoingiza mzigo, asilimia 18, hiyo 16 haikusaidii kitu. Mnaopita na prosesa kwenye soksi mjue pia kwamba ikikugomea wiki ya pili, gharama ya kuirudisha inameza faida yote. Mtu wa PC ya kwanza anunue mahali anapoweza kurudi na risiti mkononi akagombana na mtu kwa Kiswahili.

Chalii wa Kijenge
Nani kasema soksi? Mbona unaifahamu soksi?

Mama Ledger
Nafanya kazi ya hesabu, kijana. Soksi zote nazifahamu.

Mkazi wa Njiro
Sikusema magendo. Nimesema Nairobi. Watu humu mnasoma kwa hasira.

Rafiki wa Dogo
Mimi ndiye niliyemshauri vipya, naona nimesemwa tu bila kuulizwa. Wazo langu lilikuwa 5600G, si 5600. Ile yenye G ina grafiksi ndani, unaanza bila kadi, unaongeza siku hela ikipatikana. 5600 tupu bila kadi haikuonyeshi hata picha. Dogo hakusikiliza vizuri.

Fundi Solda
Sasa tunaongea. Ila kwa 5600G ramu weka mbili za 8, usiweke moja ya 16. Grafiksi yake inakula ramu ya mashine, ukiipa kijiti kimoja unaikaba koo. Shida ramu imepaa tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya akili mnemba. Kwenye mtumba ramu imo tayari, hapo Mzee ana hoja.

Mzee wa Sakina
Andika tena mstari wa mwisho kwa herufi kubwa.

Bibi Data
Nauliza tena. Gemu gani?

Dogo wa Ngarenaro
Samahani dada, nilipitwa. eFootball na GTA V. Na mshikaji wangu anataka tucheze Valorant.

Bibi Data
Basi nusu ya mabishano haya hayakuhusu. GTA V ilifika kwenye PC 2015, eFootball si nzito, Valorant inategemea prosesa kuliko kadi. Hakuna hapo cha kukukopesha. Mnara wa kizazi cha 8 wenye i5, ramu vijiti viwili, SSD, na 1050 Ti au 1650 halali, unacheza vyote kwa 1080p. Kizazi cha 8 si kwa ajili ya Microsoft peke yao: Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya mashine, hiyo 11 ya ujanja inaweza kukutoa nje ya gemu. Hela inayobaki ni ya monita na UPS. Ukija kutaka gemu nzito za sasa, hapo uza yote ujenge AM4, yaani mazabodi za hizo Ryzen. Ukianza na 5600 halafu ukakosa hela ya kadi utakuwa na prosesa nzuri ya kuangalizia YouTube, tena hata YouTube hutaiona.

Rafiki wa Dogo
Nimesema 5600G. Gee.

Chalii wa Kijenge
"Hakuna cha kukukopesha" ndiyo nani huyo? Mimi sijakopa. Naona humu kuna kampeni.

Mzee wa Sakina
Bibi Data kasema mtumba. Mjadala umefungwa.

Bibi Data
Nimesema mtumba kwa gemu hizo, mzee wangu. Angetaja nyingine ningesema lingine.

Mzee wa Sakina
Umesema mtumba.

Kahawa Chungu
PS4 je? Imetoka 2013, zimejaa mitaani, unachomeka kwenye TV ya nyumbani.

Chalii wa Kijenge
Kila uzi wa PC lazima atokee mtu wa PS4. Nenda kwenye uzi wako.

Kahawa Chungu
Uzi wenyewe umekuwa wa KIA.

Mwana wa Pasua
KIA mmeinyamazia sababu hamna jibu.

Mkazi wa Njiro
Tumenyamaza kwa heshima, ninyi ni manispaa, hatugombani na wadogo.

Dogo wa Ngarenaro
Asanteni wote, dada Data nimekuelewa. Nitakwenda kuangalia 7060 ya mnara kesho na GPU-Z kwenye flashi. Bado monita. Kuna mtu anauza ya inchi 24 iliyo nzima?

Mwana wa Pasua
Ninayo. 1080p, haina doa, nina waya wake wa HDMI. Iko Moshi.

Dogo wa Ngarenaro
Unaweza kuituma na Coaster kaka? Nauli ya mzigo juu yangu.

Mwana wa Pasua
Hapana. Uje uichukue mwenyewe, ukifika Hai unipigie nikuonyeshe uwanja wetu wa ndege.

Chalii wa Kijenge
Dogo usiende. Kuna moja Kijenge, ina taa nyuma.