Mtoto miezi 9 uzito umegoma, nina mimba nyingine, mama mkwe anataka nimwachishe ziwa leo. Nifanyeje?

Mama Swaumu: Wadau habari za jioni. Niko Mbagala, nina mtoto wa kiume wa miezi 9. Miezi 6 ya mwanzo kanyonya tu na alikuwa bonge. Miezi 7 alikuwa na kilo 7.2, mwezi uliofuata 7.2, juzi tena 7.2. Nesi kaangalia kadi akasema mstari umelala, bado kidogo aingie kwenye kijivu, yaani rangi ya uzito pungufu, halafu akaita mwingine maana foleni ilikuwa mpaka nje.

Kubwa lenyewe: nina mimba. Mama mkwe kaja kutoka Kilwa, kaona mashavu ya mjukuu yamepungua, akauliza, mume wangu akaropoka. Tangu hapo nyumba haikaliki. Anasema nimembemenda mtoto, yaani nimemdhuru kwa kushika mimba angali ananyonya, maziwa yameshachafuka, nipake shubiri kwenye chuchu leo leo. Na kuna dawa ya kumwogesha anaitafuta.

Mimi mwenyewe sili. Nikisikia harufu ya kitunguu tu natapika, nashindia chai na muhogo, na udongo kidogo. Alfajiri natoka kwenda dukani Kariakoo, narudi magharibi, mtoto anabaki na dada wa kazi. Anakunywa uji wa lishe wa nafaka 12, chupa anamaliza yote, kwa hiyo chakula siyo tatizo. Nimwachishe?

Mzee wa Feri: Hongera kwanza. Miezi 9 na mimba juu, baba Swaumu hana utani.

Binti Rufiji: Dada usidharau wakubwa. Mdogo wangu alibemendwa akabaki kichwa na tumbo. Mwachishe.

Nesi Mstaafu: Binti Rufiji, watoto wa namna hiyo nimewalaza wengi. Mama anashika mimba, ziwa linakatwa siku hiyo hiyo, mtoto anabaki na uji mweupe. Baada ya muda kakonda, au kavimba miguu. Mtaani wanasema kabemendwa, kumbe kanyimwa ziwa na hakupewa cha kuziba pengo.

Mama Swaumu, mimba haichafui maziwa. Yanaweza kupungua na ladha ikabadilika, basi. Endelea kunyonyesha. Ila kama uliwahi kujifungua kabla ya muda, au sasa unatoka damu au tumbo linabana, muone daktari kwanza.

Mimi nina shaka na hiyo chupa. Uji unaopita kwenye chuchu ya chupa ni maji. Tumbo la umri huo halifiki hata robo lita, likijaa maji limejaa. Pika mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike, alishwe kwa bakuli. Kila siku apate dagaa waliosagwa, au yai, au maini. Matembele, viazi lishe, parachichi, kijiko cha mafuta. Milo 3 hadi 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati.

Hizo nafaka 12 hazina maajabu. Moja au mbili zinatosha. Karanga zikisagwa pamoja na unga zinachacha upesi, saga pembeni utie wakati wa kupika. Na chambua kweli: karanga au mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na hiyo haiishi kwa kuchemsha. 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya hivyo.

Halafu mrudishe hospitali apimwe mkojo, malaria na wingi wa damu. Uzito ukisimama miezi miwili siyo wa kukisia nyumbani.

Mnyalu wa Kimara: Kwetu Iringa mahindi yamejaa, na utafiti wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa. Nchi nzima ni 30 kwa kila 100. Mtoto anashiba ugali, mwili hauna cha kujengea.

Mama Swaumu: Jamani nimembana dada sasa hivi. Anauongeza uji maji ili upite kwenye chupa. Na mchana mtoto akilala hamwamshi. Yaani anakula mara mbili mpaka nirudi!

Fundi AC: Sheria ya kazi ya 2004 inakupa mpaka saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mwambie bosi.

Mama Swaumu: Kariakoo mpaka Mbagala kwa foleni ya Kilwa Road? Nitapiga hodi nigeuze.

Fundi AC: Omba ziwe za jioni, utoke mapema.

Nesi Mstaafu: Wewe nawe acha udongo, unazuia madini ya chuma. Chai usinywe na chakula, ipishe kama saa 1. Kula kidogo kidogo mara nyingi, una wawili wanaokutegemea. Anza kliniki wiki hii upewe FEFO, vidonge vya kuongeza damu. Na huyo mama mkwe yupo nyumbani mchana kutwa? Mkabidhi bakuli. Mwambie mjukuu kwa dada hali vizuri, kwako atakula.

Mama Swaumu: Hahaa, umemjua? Ameshatuma dagaa wanunuliwe, anataka kusaga mwenyewe. Ila dawa ya kuogesha hajaisahau.

Nesi Mstaafu: Ya kuogesha sitagombana naye. Ya kunywa, hata kijiko asimpe.