Tamthilia ya muziki haiuzi tiketi, mbona hawaifungi?

MwanaKisauni:
Wakuu, salaam. Nauliza wanaojua mambo ya majukwaa ya New York. Mtoto wa mjomba wangu anapiga chelo kwenye okestra ya tamthilia moja ya muziki huko Broadway. Jina la mchezo naliacha, bado yumo kazini. Tangu ufunguliwe tiketi haziendi. Anasema kuna usiku watu wa roshani wanateremshwa wakae chini ili waigizaji wasiimbie viti vitupu. Halafu Jumamosi iliyopita ukumbi ukajaa pomoni, na uongozi unawaambia wavumilie, mambo yatakaa sawa.

Kama kila wiki ni hasara, mbona hawafungi tu? Na yeye akae au aanze kutafuta kwingine? Mkaza mjomba ananipigia simu asubuhi na jioni kana kwamba mimi ndiye prodyuza.

BiTanga_Jersey:
Mdogo wangu, mpe pole mkaza mjomba. Mimi nimefanya kazi ya kuonyesha watu viti kwenye kumbi hizo, tochi mkononi, mpaka magoti yakanikataza ngazi. Hiyo Jumamosi iliyojaa isikudanganye. Swali ni wangapi walilipa bei kamili. Pale Times Square, chini ya zile ngazi nyekundu, kuna kibanda cha TKTS kinachouza tiketi za siku hiyohiyo kwa punguzo linalofika nusu bei. Zikibaki hata baada ya hapo, zinagawiwa bure. Sisi mlangoni tuliwajua watu wa tiketi za bure: wamekuja moja kwa moja kutoka kazini, mkoba begani, na wanakuuliza, "Eti, huu mchezo unahusu nini?" Aliyetoa dola mia na hamsini hakuulizi hivyo.

Kwa nini hawafungi? Kuna hesabu mbili. Ya kwanza ni mtaji: mapambo, mavazi, mazoezi, mitambo. Hiyo imeshaliwa yote kabla pazia halijafunguliwa. Ya pili ni ya kila wiki: mishahara, ukumbi, matangazo, maonyesho manane kwa wiki. Ukifunga leo, mtaji umezama wote. Ukiendelea, na wiki moja ikaingiza hata kidogo zaidi ya ilivyotumia, kuna kinachorudi. Ndiyo maana maprodyuza wanachangishana tena, waandishi wanakubali mirabaha yao ipunguzwe, na wote wanaomba wafike Krismasi, au wafike Juni kwenye tuzo za Tony, zile kubwa za tamthilia za Broadway.

Kisa ninachokikumbuka zaidi ni *The Last Ship* ya Sting, yule mwimbaji maarufu wa Uingereza. Alitunga nyimbo kuhusu Wallsend alikozaliwa, mji wa kuunda meli kaskazini mwa Uingereza: kiwanda kinakufa, wanaume wanakiteka wajenge meli moja ya mwisho. Mtaji dola milioni 15. Ilifunguliwa ukumbi wa Neil Simon Oktoba 2014, na Sting mwenyewe hakuwemo jukwaani. Tiketi zikagoma. Tarehe 9 Desemba akaamua kuingia yeye, akachukua nafasi ya Jackie White, msimamizi wa kiwanda, kutoka kwa Jimmy Nail. Fikiria, mtu wa kujaza viwanja vya mpira anakuja kazini usiku kwa usiku kuvaa koti la fundi meli na kuimba pamoja na wenzake! Mauzo yakapanda. Akaongeza muda mpaka tarehe 24 Januari.

Lakini tazama watu walinunua nini. Walimnunua Sting. Wiki za baada ya yeye kuondoka hazikununuliwa, na mchezo ukafungwa siku ileile aliyomaliza. Wenye mtaji hawakurudishiwa. Mimi nyimbo zile nilizipenda, na hata Tony walizitaja kwenye orodha ya kuwania mwaka huohuo, wakati ukumbi umeshapewa wengine.

Kibopa_Kkoo:
Kwa hiyo ni kamari tu yenye okestra. Sisi huku taarabu haina longolongo. Mwimbaji akiona ukumbi umepoa anateremsha mipasho, akina mama wanainuka kutunza, noti zinabandikwa paji la uso, asubuhi kila mtu anajua kilichopatikana. Huyo prodyuza wa Sting nadhani aliuza nyumba.

BiTanga_Jersey:
Kibopa, hakuuza kitu. Mmoja wa maprodyuza wake wakuu ni Jeffrey Seller. Mwezi uleule wa Januari 2015 alikuwa na mchezo mwingine unaanza maonyesho ya majaribio kwenye ukumbi mdogo wa Public Theater, unaitwa *Hamilton*, na huo ndio uliokuja kuvuma dunia nzima. Hao watu wanaishi hivyo, mmoja unalipia mingine. Wanaoumia ni wapiga chelo.

Msafiri_London:
Msiwakatishe tamaa. *Les Misérables* ilipofunguliwa Barbican hapa London, Oktoba 1985, wahakiki waliiponda vibaya. Mpaka leo ipo.

BiTanga_Jersey:
Kaka, mfano mzuri lakini si wa kesi hii. *Les Misérables* ilipondwa na magazeti, si na watu. Watu walikimbilia tiketi tangu mwanzo. Kijana wetu ana tatizo la kinyume.

Wa karibu zaidi ni *Beetlejuice*. Ilifunguliwa Aprili 2019 ukumbi wa Winter Garden, wiki za kwanza dhaifu. Kisha wakapata nafasi ya kuonekana kwenye televisheni usiku wa Tony, na vijana wakazishika nyimbo zake TikTok. Tiketi zikaanza kuruka. Lakini walikuwa wameshachelewa: mwenye ukumbi alikuwa ameshauahidi kwa *The Music Man*, mchezo wa nyota wa sinema Hugh Jackman. Mikataba ya kumbi huwa na kipengele kwamba mapato yakishuka chini ya kiwango fulani, kwa kawaida wiki mbili mfululizo, mwenye ukumbi anaweza kuutoa mchezo. Yaani hata prodyuza akiwa tayari kuvumilia hasara, uamuzi unaweza usiwe wake. *Beetlejuice* walirudi 2022, ukumbi mwingine kabisa.

MwanaKisauni:
Dada, nimekuelewa. Sasa huyu kijana aangalie nini? Maana uongozi haumwambii ukweli.

BiTanga_Jersey:
Wala asiwaulize. Broadway League, chama cha maprodyuza na wenye kumbi, hutoa takwimu za kila mchezo kila wiki, ziko wazi kwa yeyote. Asitazame asilimia ya viti tu. Atazame wastani wa bei ya tiketi: viti vikipanda na bei ikishuka, ni kibanda na tiketi za bure ndivyo vinavyojaza ukumbi. Kisha afungue tovuti ya kununua tiketi kama mteja, atazame Februari. Januari na Februari ni miezi ya ukame wa wateja Broadway, watalii wameondoka na baridi inakata. Kama uuzaji unaishia Januari mwanzoni, ameshajibiwa. Mengine atayasoma kwenye ubao nyuma ya jukwaa. Notisi ya kufunga mara nyingi ni ya wiki moja, si zaidi.

Na asiache kazi. Wapiga ala wa Broadway wana utaratibu wa kuweka mbadala. Amwombe mwenzake wa mchezo mwingine amwite siku anapoumwa au ana safari, na yeye huku aweke mtu kwenye kiti chake. Ndivyo wanavyojulikana kutoka shimo moja la okestra hadi jingine. Chelo ni chache, mkuu wa okestra hasahau aliyekuja akasoma noti bila kukosea. La muhimu: asisaini mkataba wa nyumba wa mwaka mzima kabla ya Machi.

MwanaKisauni:
Mkataba alisaini juzi. Mkaza mjomba ndiye mdhamini.

BiTanga_Jersey:
Eh! Basi simu za kuomba umbadala azianze kesho, na mkaza mjomba asionyeshwe uzi huu.