Kompyuta ya steshenari Mwanjelwa inaganda: niongeze memori pepe hadi GB 20?

Kabwe Mataa
Wakuu, salaam. Kompyuta ya mezani hapa steshenari: Windows 10 ya biti 64, RAM (memori ya kazi) GB 4, HDD (diski ya sahani inayozunguka) GB 500. C ni GB 97, imebaki GB 3 tu. D ina GB 300 tupu. Word ikiwa wazi, ukiongeza Chrome yenye kurasa tano za maombi ya mikopo, mashine inaganda, diski inasoma 100%, kisha Chrome inajifunga yenyewe. Mteja kasimama na flashi mkononi. Nimeshauriwa niweke memori pepe ya GB 20 kule D. Niweke?

Fundi Uyole
Mkuu, hazitakupa kasi. Memori pepe ni faili tu, pagefile.sys, linalokaa kwenye diski. RAM ikibanwa, Windows inahamishia humo vitu visivyotumika kwa wakati huo. Inasaidia programu zisifungwe, mwendo hauongezeki. Kichwa cha HDD kinachukua milisekunde kumi hivi kufika data ilipo. RAM inajibu kwa nanosekunde. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Performance, Memory, utuletee namba ya Committed.

Kabwe Mataa
6.1/6.4.

Fundi Uyole
Ugonjwa ndio huo. Namba ya pili ni RAM pamoja na pagefile, yaani kikomo. Ya kwanza ikikigusa, programu inakosa pa kukaa, na faili haliwezi kukua maana C imejaa.

Anza kusafisha. Fungua CMD (dirisha la amri) kwa Run as administrator, andika powercfg /h off. hiberfil.sys, faili la kulaza kompyuta (hibernate), inafutika, kwa RAM yako ni kama GB 1.6 (Fast Startup nayo inazimika, kuwaka kutachelewa kidogo). Kisha folda ya Downloads: Properties, Location, Move, ipeleke D. Steshenari nyingi mzigo uko humo, PDF za wateja tangu mwaka juzi. Malizia na cleanmgr (kisafishaji diski cha Windows), Clean up system files. Ukikuta Previous Windows installation(s), weka tiki. Usiishie chini ya GB 15 tupu.

Ndipo Windows+R, sysdm.cpl, Advanced, Settings ya Performance, Advanced tena, Change. Ondoa tiki ya juu (Automatically manage), chagua C, Custom size: Initial 4096, Maximum 8192. Bonyeza Set kabla ya OK. Ukiiruka Set hakuna kinachobadilika, na wengi hukwama hapo hapo. Washa upya.

Mlandege Bits
Mimi ningeacha automatic. C ikipumua, Windows 10 yenyewe inaweza kufika mara tatu ya RAM, mradi isizidi moja ya nane ya C. Kwako hesabu zote mbili zinaangukia GB 12.

Fundi Uyole
Sibishi, ila kwenye HDD faili linalokua na kusinyaa linakatikakatika vipande. Angekuwa na SSD (diski isiyo na kichwa wala sahani), ningekubali automatic kama wewe.

Binti Mafinga
Mbona hamjagusa D? Ni diski ileile moja, imegawanywa tu. Kichwa kitashinda kikikimbia huku na huku kama daladala ya Uyole isiyo na abiria. D ingefaa kama ingekuwa diski nyingine kabisa.

Tena kabla ya kuhamisha chochote, fungua CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski), tazama mistari ya 05 (sehemu mbovu zilizobadilishwa) na C5 (sehemu zinazoshindwa kusomeka). Raw value ikizidi sifuri, hasa C5, diski inaanza kufa: nakili kazi za wateja kwanza, hayo mengine yasubiri.

Mlandege Bits
Hapo umenena. Ukipata hela, anza na SSD ya SATA GB 240, HDD ibaki ya kuhifadhia. Kwenye SSD usilazimishe defrag (kupanga upya vipande vya mafaili) ya kizamani, Windows itaifanyia TRIM (kuiambia SSD nafasi zipi hazitumiki tena) yenyewe. RAM ifuate: ukurasa ule ule wa Memory unaonyesha Slots used na Speed. Speed ya 1600 ni RAM ya aina ya DDR3, 2400 au 2666 ni DDR4. Pengo la kadi za aina hizo mbili haliko sehemu moja, kwa hiyo ukiona haiingii usiikandamize.

Kabwe Mataa
C5 inasoma 8. Nanakili kwanza.