Kiingilio 160,000 familia nzima, slaidi kubwa zimefungwa tangu Pasaka na getini hawasemi kitu!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kujifanya nimetulia, maana tumetoka kule jana jioni na mwanangu amelia kwenye daladala mpaka amelala. Jina la sehemu silitaji, nataka tuongee jambo lenyewe, kwamba zile sehemu za michezo ya maji tulizozipenda hapa Dar zinageuka kuwa za kukamua wazazi na sisi tunaendelea kupanga foleni tu.

Nianze na binti yangu. Ile slaidi kubwa nyekundu, yenye kona kona na mwisho inakumwaga kwenye bwawa, hupandi kama hujafika sentimita 120. Sheria nzuri kabisa, sina ugomvi nayo hata kidogo. Toka ana miaka mitano kila tukienda anakimbilia kile kibao cha kupimia, anasimama anajinyoosha, anaambiwa bado. Mwaka jana alikuwa 116, akanishika mkono akaniuliza baba zimebaki nne tu hawawezi kunisamehe? Nikamwambia hapana mama, subiri. Basi nyumbani akachora mstari kwenye fremu ya mlango wa jikoni akawa anajipima kila Jumamosi kwa penseli, mama yake mpaka akachoka kumfuta madoa ukutani. Mwezi huu katimiza miaka 8 na akagonga 121. Likizo ya Juni hii hapa, nikasema sasa twende, nilikuwa naweka hela pembeni tangu Aprili kwa ajili ya siku hiyo moja.

Tumetoka Gongo la Mboto asubuhi, daladala mbili na bajaji. Getini mkubwa 35,000, mtoto 30,000. Sisi wawili na watoto watatu, 160,000. Yule mdogo ana miaka mitatu, zamani chini ya miaka minne alikuwa anaingia bure, sasa hivi mtoto akitembea mwenyewe analipa, ndivyo nilivyojibiwa, na huyo wa miaka mitatu kazi yake ni kukaa kwenye kale kabwawa ka watoto maji yanamfika magotini. Nikalipa. Na yule dada wa dirishani akapokea hela yangu, akatufunga bangili mikononi, akasema karibuni sana. Hakusema neno lingine.

Tunaingia ndani binti kashatangulia mbio kwenye kibao, kasimama, yule kijana kamwangalia kamwambia umefika hongera. Halafu ndo anamwambia lakini imefungwa.

Jamani. Kamba imefungwa kwenye ngazi, karatasi iko ndani ya nailoni imeandikwa MATENGENEZO. Mimi kazi yangu ni fundi pampu, hicho ndicho ninachokula nacho, nikasogea kuangalia. Hakuna matengenezo yoyote yanayoendelea pale! Hakuna fundi, hakuna spana, hakuna hata ndoo. Ndani ya slaidi kuna majani makavu ya miti yamejikusanya kwenye kona, maana yake maji hayajapita humo siku nyingi sana. Nikamuuliza kijana taratibu, akaniambia kaka ukweli ni tangu Pasaka. Pasaka mpaka Juni! Nikazunguka kuhesabu, slaidi kubwa ziko sita, zinazofanya kazi mbili. MBILI. Na foleni ya hizo mbili watoto wanakaa juani dakika arobaini kusubiri kuteleza sekunde kumi.

Nikaenda kwa maneja. Sikupiga kelele, nilimwomba kistaarabu nirudishiwe angalau nusu, au anipe karatasi nije siku itakapofunguliwa nisilipe tena. Jibu: hela ikishaingia hairudi, imeandikwa nyuma ya risiti. Sasa mkuu nyuma ya risiti naisoma nikiwa nimeshalipa, inanisaidia nini? Kwanini hilo karatasi la matengenezo limebandikwa kwenye ngazi ya slaidi, mita mia mbili ndani, na halijabandikwa pale dirishani kwenye hela? Wanajua kabisa likikaa dirishani nusu ya watu wanageuza. Huko ni kumficha mteja, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu huduma anayolipia, haijasema isipokuwa huduma ya kuogelea.

Kuna watu najua watakuja hapa kusema gharama zimepanda, dola, spea zinatoka nje. Naomba niliseme hili vizuri kwa sababu ni eneo langu. Slaidi ya maji haina mashine ya ajabu. Ni faibaglasi imeungwa vipande vipande, juu kuna bomba linamwaga maji, chini kuna pampu inayarudisha juu, basi. Mtu anateleza kwa sababu kuna utando wa maji kati yake na faibaglasi. Pampu ikizingua mara nyingi ni sili imekwisha inavuja, au beringi, au mota imeungua inapelekwa kusukwa upya nyaya za ndani. Sili na beringi nenda maduka ya spea ya Gerezani hapa Dar utachagua mwenyewe. Mota kusukwa ni kazi ya siku chache, hata wiki haifiki kama hela ipo. Sijaifungua pampu yao siwezi kuapa ni nini, ila miezi miwili na zaidi kwa slaidi nne kwa mpigo, huo sio ugumu wa spea, ni mtu ameamua kutokutoa hela kwa sababu anaona watu wanaingia tu.

Na kuhusu bei nina kumbukumbu nzuri. Ule mgao wa umeme wa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 walipandisha kiingilio, wakabandika tangazo kabisa kwamba wanatumia jenereta na dizeli ni ghali, tuvumilie kwa muda. Tukaelewa, nani alikuwa hajui hali ilivyokuwa, mimi mwenyewe wateja wangu walikuwa wanaungua mota kila wiki. Haya, Bwawa la Nyerere limeanza kuzalisha umeme Februari 2024, megawati 2,115 lote likikamilika, mgao ukaisha. Bei ikashuka? Haikushuka. Tangazo likatolewa, bei ikabaki, na baada ya hapo imepanda tena mara mbili bila tangazo lolote.

Ndani sasa ndo utalia. Hawapokei cash, unanunua kadi 2,000 ambayo hairudishwi, halafu unaijaza, na kujaza hawaruhusu chini ya 20,000. Nilijaza 50,000. Tairi la kuteleza nalo 5,000 (zamani yalikuwa yamelala tu pembeni unaokota unapanda), loka (kabati la kufungia vitu) 5,000, maji makubwa ambayo dukani mtaani ni buku unauziwa 4,000, na yako hayaingii, begi linapekuliwa getini mpaka chupa ya maji ya mtoto inamwagwa mbele yake. Bomba la maji ya kunywa lililokuwa karibu na vyoo limeng'olewa, limebaki tundu limezibwa kwa simenti. Yaani mtu alikaa akafikiria kwamba watoto wakikosa maji ya bure juani watanunua. Nimetumia 38,000, imebaki 12,000 kwenye kadi, naenda kurudisha naambiwa salio halirudi utakuja kulitumia siku nyingine, na salio linakufa baada ya siku 30. Hela yangu!!

Chipsi kuku 18,000, kuku wa jana. Siendelei hapo.

Ila kitu kilichonitisha kweli ni maji, na hapa naomba wazazi msome mara mbili. Bwawa kubwa maji yalikuwa na ukungu, kijani kijani, nimesimama pembeni sioni sakafu upande wa kina kirefu. Mtu wa mabwawa atakwambia kipimo cha kwanza kabisa kabla ya dawa yoyote ni macho yako, simama ukingoni, kama huoni kile kifuniko cha bomba la kunyonyea chini kabisa basi hilo bwawa linafungwa, hakuna mjadala. Kwa sababu mtoto akizama hapigi kelele kama watu wanavyodhani, anashuka kimya kimya, na akishafika chini kwenye maji kama yale hata awepo mwokoaji mzuri namna gani hamuoni. Na ile harufu kali ya dawa watu wanaisikia wanasema aah hapa pasafi, sio usafi ule! Klorini, ndo hiyo dawa yenyewe ya kuua vijidudu, ikikaa sawa haina harufu ya kukukaba. Inanuka hivyo ikishakutana na jasho na mikojo na hakuna dawa ya kutosha kumaliza, na hicho ndicho kinachowawasha watoto macho yanakuwa mekundu. Klorini inatakiwa icheze kwenye miligramu 1 mpaka 3 kwa lita na pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.2 mpaka 7.8, kipimo chake kile cha matone kinauzwa na kinatumika dakika mbili. Zamani pale kulikuwa na ubao umeandikwa vipimo vya asubuhi na vya mchana. Ubao bado upo. Umeandikwa bei ya pizza.

Mwanangu wa katikati kachubuka mgongo kwenye moja ya hizo slaidi mbili zilizopona. Nilipita mkono kwenye maungio, ule mpira wa kuziba umebanduka na ukingo wa faibaglasi umetokeza, unakata. Nikamuonesha kijana, akasema tumeshasema sana kaka. Vijana wale siwalaumu, wengine ni vibarua wa kutwa, mmoja aliniambia wanalipwa siku wakiitwa tu. Bwawa kubwa lile lina mwokoaji mmoja, na huyo huyo ndo anagawa matairi. Akigeuka kuchukua hela ya tairi nani anaangalia maji?

Wakuu mimi sehemu ile naijua tangu 2009. Tulipelekwa na shule, tumechangishwa hela, tunakula mahindi ya kuchoma njiani, nilikuwa sijawahi kuona maji mengi namna ile zaidi ya baharini. Kulikuwa na mzee mmoja mlinzi wa bwawa, ana filimbi shingoni, ukikimbia kwenye vigae anapuliza unarudi unatembea upya kutoka mwanzo, tulimwogopa kuliko mwalimu wa zamu. Maji yalikuwa meupe unaona senti chini. Sikukuu ya Idi tulikuwa tunajaa pale, watu wamebeba mapilau yao kwenye hotpot wanakula chini ya miembe na hakuna aliyekusumbua. Mke wangu nilimpeleka pale tukiwa wachumba. Kwahiyo mtu asiniambie nenda Coco Beach ni bure, Coco naenda, Sabasaba kwenye bembea nawapeleka, lakini watoto wangu wana haki ya kuona kitu nilichokiona mimi, hasa nikiwa nimekilipia mara tano ya bei ile.

Ninachodai sio kikubwa. Wabandike dirishani kila asubuhi slaidi gani zinafanya kazi, kabla mtu hajatoa hela. Zikiwa mbili kati ya sita, bei ishuke, haiwezekani nilipe ya sita. Salio la kadi lirudishwe siku hiyohiyo. Bomba la maji ya kunywa lirudi. Na lile bwawa lifungwe mpaka sakafu ionekane, hili la mwisho siombi hata kidogo, nimeliandikia barua na Jumatatu naipeleka mkononi kwao, nakala naipeleka Tume ya Ushindani. Risiti ninayo, picha za majani ndani ya slaidi ninazo, picha ya mgongo wa mtoto ninayo. Aliyeenda tangu Pasaka na ana risiti yake asiitupe, ani-PM tuziweke pamoja, barua ya mtu mmoja wanaisoma wanaweka droo.

Na kuna yeyote anayekwenda wikiendi hii, naomba kabla hujalipa muulize yule dada dirishani, ile nyekundu imefunguliwa? Halafu njoo uniambie hapa alichokujibu. Namba yao napiga tangu asubuhi haipokelewi, na binti kashaniuliza mara tatu leo.