Mjadala: Mbwa wa kuwinda sungura usiku Uingereza, je, ruhusa ya mwenye shamba inatosha?

Mleta mada

Naomba tujadili jambo ambalo kwa wengi wetu liko mbali, lakini kwa sisi tunaoishi vijijini Uingereza liko nyuma ya ua: je, ni haki kumfunza mbwa mchanga kuwafukuza na kuwaua sungura usiku kwa msaada wa kurunzi? Mbwa mwenyewe ni lurcher, chotara wa mbwa wa mbio kama greyhound au whippet na mbwa wa kazi, mara nyingi collie au Bedlington terrier, ambaye kutoka upande mmoja hurithi kasi na kutoka upande wa pili hurithi akili na ustahimilivu.

Katika England na Wales, Sheria ya Uwindaji ya 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, ilipiga marufuku kuwinda mamalia wa porini kwa mbwa, ila ikawaacha nje panya na sungura, ilimradi mwindaji awe kwenye ardhi yake au awe na ruhusa ya mwenye ardhi. Scotland ilichukua njia nyingine: sheria yake ya 2023 ilimweka sungura miongoni mwa wanyama wasioruhusiwa kufukuzwa na kuuawa na mbwa.

Msimamo wangu ni kwamba uwindaji huu uendelee, lakini sheria ya 2004 ina pengo, kwa kuwa inauliza shamba ni la nani na haiulizi mbwa amefunzwa vipi, ilhali mateso ya sungura hutegemea zaidi swali la pili. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa huyu msemo huo unahitaji tahadhari, kwa sababu mifupa yake hukua haraka kuliko inavyokomaa, na anayemwachia akimbie kwa kasi kamili na kukata kona kabla hajakaribia mwaka mmoja anaweza kumharibia viungo maisha yake yote. Miezi ya mwanzo ni ya utii: kuja anapoitwa, kutulia kwenye kamba, kuruka ua bila kujichana kwa seng'enge, kuleta kitu hadi mkononi bila kukitafuna, na zaidi ya yote kupita katikati ya kondoo kama vile hawapo, maana mbwa anayesumbua mifugo anaweza kupigwa risasi, na sheria ikamkinga mfugaji.

Usiku wa kwanza huchaguliwa: pasiwe na mbalamwezi, na pawe na upepo wa kutosha kufunika sauti ya nyayo. Hutafutwa sungura mmoja aliyeenda kula mbali na shimo lake, kurunzi humshika, na ndipo mbwa huachiwa. Mara mbili au tatu zinatosha, kisha nyumbani. Anayeachiwa mara kumi kwa tamaa ya bwana wake huchoka, hukosa, kisha huanza kubweka akifukuza, na kilema hicho ni vigumu kukiondoa.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, maelezo yako ni ya mtu anayeijua kazi, na hapo ndipo ninapopata hoja yangu. Umesema mbwa hujifunza kwa sungura mmoja, kisha mwingine. Kuruka ua kunaweza kufundishwa kwa ubao na kuleta kwa mpira wa ngozi, lakini kukamata na kuua hakufundishwi ila kwa mnyama aliye hai, kwa hiyo kila kosa la mwanafunzi hulipwa na sungura aliyeshikwa mguu badala ya mgongo, au aliyeponyoka akiwa ameraruliwa akaingia shimoni kufa taratibu. Anayetaka kulinda ngano yake ana uzio wa waya, ana mitego ya kizimba, na ana bunduki ya kaliba ya .22, ambayo mikononi mwa mlengaji mzuri huua papo hapo. Kinachobaki kwa mbwa ni starehe ya kutazama mbio, nami naona Scotland ilitenda haki.

Mchangiaji wa tatu

Nchini Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo huku kwetu swali lilifungwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Lakini ninalo jambo la lugha, na naona lina uzito wa kisheria. Kiswahili chetu cha kila siku humwita "sungura" mnyama wa mashimo anayejaa mashamba ya Uingereza, na humwita hivyohivyo yule wa nyikani mwenye masikio marefu, asiyechimba, ambaye ndiye hasa Sungura wa hadithi za bibi zetu. Sheria ya 2004 inawatenga kabisa: wa mashimo anaruhusiwa kuwindwa kwa mbwa, wa nyika haruhusiwi. Je, mbwa wa miezi kumi na minne, katika giza, naye anajua tofauti hiyo?

Mleta mada

Hajui, na nakushukuru kwa kuligusa. Mahakama Kuu huko England ilieleza mwaka 2009 kwamba kuwinda ni tendo la kukusudia, kwa hiyo mbwa aliyemrukia wa nyika kwa bahati mbaya hamfanyi bwana wake kuwa mhalifu. Hata hivyo, wapo wanaojificha nyuma ya "bahati mbaya" hiyo usiku baada ya usiku. Kwa maoni yangu mbwa asiyeitika akiitwa katikati ya mbio bado hajafuzu, na asiachiwe kabisa kwenye mashamba yenye sungura wa nyika.

Kwa ndugu wa pili: kuzuia uharibifu wa sungura si hiari ya mkulima. Sheria ya Visumbufu ya 1954, iliyopitishwa mwaka mmoja baada ya miksomatosisi, ugonjwa unaowaua sungura, kuingia Uingereza, humtaka mwenye kutumia ardhi awadhibiti, karibu kote England na Wales. Nakubali, lakini, kwamba hali si ile ya 1954. Sungura huyuhuyu wa mashimo sasa ameorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kuwa hatarini kutoweka katika makazi yake ya asili ya Hispania na Ureno, na katika eneo la Breckland, mashariki mwa England, wahifadhi wanamtaka arudi kwa sababu kula kwake majani huifaa mimea adimu. Ninachotetea ni mtihani wa mbwa kabla ya kazi, kama ilivyo katika majimbo ya Ujerumani, ambako mbwa wa uwindaji hupimwa utii na uwezo wake wa kufuatilia na kuleta mnyama.

Mchangiaji wa pili

Mfano wa Ujerumani unakugeuka. Sheria ya shirikisho ya uwindaji ya nchi hiyohiyo inakataza uwindaji wa kufukuza mnyama kwa mbio. Mbwa anayepimwa kule hutafuta aliyepigwa risasi au humwinua aliyejificha ili mtu apige. Hamkimbizi hadi kumuua kwa meno. Umeazima mtihani, ukaacha sheria iliyouzaa.

Mleta mada

Hapo umenishika. Siwezi kudai mtihani wa Wajerumani huku nikiikataa sababu yake. Hata hivyo, nisingependa tuishie kwenye bunduki kana kwamba yenyewe haikosei: sungura aliyejeruhiwa kwa risasi usiku mara nyingi huingia kwenye vichaka ambako hakuna mwanga unaomfikia, na anayempata huko ni pua ya mbwa. Mbwa wa jirani yangu, ambaye mwaka huu hakuachiwa hata mara moja afukuze, hutoka na mlengaji kila wiki na kumletea waliopigwa, wafu na wenye uhai, hadi mkononi. Mafunzo yake yalikuwa yaleyale niliyoyataja juu, isipokuwa hatua ya mwisho.

Mchangiaji wa tatu

Basi tuambie, ndugu: huyo mbwa, alipozuiwa hatua hiyo ya mwisho, aliharibika?

Mleta mada

Hapana. Wiki mbili za kwanza alilia kwenye kamba kila kurunzi ilipowashwa, kisha akanyamaza.