Hawa jamaa wa programu za kulipia kila mwezi wamenivua nguo mbele ya mteja

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukana mnisamehe.

Niko ofisini kwangu Makoroboi hapa Mwanza asubuhi hii, nadizaini bango la kichenpati, liko kwenye kioo cha kompyuta, limebaki jina la somo tu. Mama wa Nansio amekaa kwenye stuli pembeni yangu, mkoba mapajani, anawahi meli. Mara kioo chote kinafunikwa na limaandishi la Kizungu. Nabonyeza huku, nabonyeza kule, bango liko nyuma linanichungulia tu, haligusiki. Mama anauliza, "Inasemaje hiyo?" Nikamwambia wenye programu wanataka hela yao ya mwezi. Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya msibani, akasema:

"Kumbe humu nako umepanga, mwanangu?"

Humu nako! Jirani wa stika aliyekuja kuchaji simu alicheka mpaka akatoka nje, na huko nje akaendelea kuhadithia.

Mnawajua, ni Adobe, wale wenye Photoshop. Wale wale zamani ukinunua programu yao ni yako mpaka kompyuta ife, halafu 2013 wakageuza kibao. Dola ishirini na ushee kila mwezi kwa programu moja, ukitaka furushi zima ujipange kweli kweli. Dola, wakuu! Mimi nalipwa shilingi, tena nusu, nusu nyingine "nikija kuchukua".

Nikasema basi, najitoa. Kumbe nilichobonyeza siku ile ni mkataba wa mwaka mzima unaolipwa kidogo kidogo, ukitoka katikati unalipa nusu ya miezi iliyobaki. Mwenye nyumba wangu wa Mabatini ana roho ya chuma, lakini hajawahi kunidai kodi ya miezi ambayo sitalala kwake. Na hawa wana adabu, wameandika eti wanasikitika naondoka.

Mama kaondoka bila bango. Mlangoni akageuka: "Ukishajenga ya kwako utanipigia." Ukishajenga! Mimi!

Wenye ofisi hapa Mwanza, hii kitu inalipa au tunajidanganya?

Fundi Fleksi: Pole mpangaji.

Sangara Mkavu: Mpangaji, ile kadi ya kwenye simu uliweka salio, au ulitegemea wakate hewa?

Mleta uzi: Salio siyo mada. Mada ni mtu mzima kuambiwa humu nako amepanga, mbele ya jirani.

Sangara Mkavu: Kwa hiyo hukuweka.

Dada wa Kadi: Mimi nalipa na sijuti. Wateja wangu ni mashirika, wananitumia faili na leya zake zote, yaani matabaka ya picha na maandishi, nikifungulia kwingine fonti zinahama kila moja na njia yake. Kazi moja nzuri inalipa mwezi. Ila kama wewe kazi yako ni kuandika "Hongera Bi Harusi" juu ya maua, unalipia nini hasa?

Mjukuu wa Igoma: Dada umemaliza. Kuna programu ya kudizaini inaitwa Affinity, ilinunuliwa na kampuni ya Canva 2024, mwishoni mwa 2025 wakaiachia bure, unafungua akaunti tu. Inkscape ya kuchorea bure, GIMP ya picha bure. Photopea inafunguka kwenye kivinjari, na faili za hao jamaa zako inazisoma. Mtu anatetemeka mikono wakati vya bure vimejaa!

Fundi Fleksi: Vya bure, halafu mnaniletea mimi nichape. Faili linakuja na rangi za kioo, siyo za wino. Juzi kamati nzima imeshona sare ya bluu, bango limetoka zambarau. Usiku nani alipigiwa simu na kutukaniwa mama? Mimi.

Mzee wa Kirumba: Sisi wenye CD ya kukreki ya 2012, ile ya magendo, bado tunadunda. Kodi hatuijui.

Sangara Mkavu: Na virusi vyote vya Kanda ya Ziwa makao makuu yao ni flashi yako, mzee. Niliichomeka mara moja, kadi za kipaimara za parokia nzima zikapotea.

Mzee wa Kirumba: Flashi yangu safi. Kompyuta yako ndiyo ina laana.

Nyegezi Mjini: Hiyo hela ya kujitoa, Marekani kwenyewe serikali iliwapeleka mahakamani 2024. Wewe wa Makoroboi utawafanya nini?

Mleta uzi: Nitawalaani.

Mtumishi wa Buhongwa: Bwana asifiwe wapendwa. Nje ya mada kidogo, naomba mwenye moyo atudizainie bango la mkutano wa injili. Bajeti hatuna ila Mungu atamlipa.

Dada wa Kadi: Imeanza. Mtumishi, mahema mnakodi, spika mnakodi, jenereta mnajaza mafuta. Ni dizaina peke yake analipwa na Mungu?

Mtumishi wa Buhongwa: Dada yangu una uchungu. Tukuombee.

Fundi Fleksi: Afadhali hao. Kuna wa harusi: picha ya WhatsApp, imepigwa gizani, anataka fleksi, lile bango la plastiki, ya mita tatu. Sura ikitoka vumbi, wewe ndiye umemzeesha bibi harusi. Na mawifi wote wamekuja kushuhudia.

Mjukuu wa Igoma: Na nyie wachapaji wa mtaa wa Rwagasore mnaoshusha bei ya mita mpaka wino wenyewe haurudi, mbona mmekaa kimya?

Fundi Fleksi: Mteja anachagua. Wewe wa Igoma bango lako mvua moja tu linabaki jeupe.

Mjukuu wa Igoma: Taja bango gani.

Sangara Mkavu: Wakati mnagombana, nani anauza mashine ya kukatia stika, iliyotumika ila nzima?

Mzee wa Kirumba: Ninayo. Upande wa kushoto inasuasua kidogo. Njoo uijaribu, kazi yako iweke tu kwenye flashi.

Sangara Mkavu: Siji.