Ushauri: filta ya 868 MHz kwa kituo cha mitumbwi Kigoma, mnara wa simu unaizidi nguvu redio

Mtoto wa Kibirizi

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa watu wa redio, hasa waliowahi kutengeneza filta kwa mikono yao.

Tuko vijana wachache hapa Kigoma mjini. Tumefunga vifaa vidogo vya LoRa (redio ya nguvu ndogo inayofika mbali) kwenye mitumbwi ya wavuvi wa dagaa na migebuka wa Kibirizi na Katonga. Kila kifaa kinasoma GPS na kurusha mahali chombo kilipo kwa masafa ya 868 MHz. Wavuvi wanatoka usiku. Ziwa likichafuka familia zinakesha bila habari, na mtandao wa simu ukishaingia ndani ya maji si wa kutegemea. Ndiyo maana nataka kitu hiki kifanye kazi sawasawa, si kwa kubahatisha.

Kituo cha kupokelea tumekiweka kwenye paa la jengo kilimani, maana pale unaliona ziwa hadi Bangwe na mbele yake. Shida ni mnara wa simu ulio jirani kabisa. Kituo hichohicho tukikishusha ufukweni, mbali na mnara, kinasikia vizuri. Kikirudi paani kinasikia mitumbwi ya karibu tu.

Nimechora filta (kichujio cha kupitisha masafa yetu tu) ya mikrostripi, yaani mistari ya shaba juu ya bodi, rezoneta 3 (vipande vinavyoitikia masafa hayo) zilizokunjwa umbo la U, kwenye bodi ya kawaida ya FR-4 (ile ya nyuzi za kioo), upana wa bendi inayopita 10 MHz. Kwenye programu, upotevu wa bodi ukiwa sifuri, mchoro unapendeza sana. Kabla sijaagiza bodi nipeni mawazo. Kipimo changu ni NanoVNA ile ya awali, kifaa kidogo cha kupimia filta na antena.

Nyuki wa Sikonge

Hongera kwa kazi. Kitu cha kwanza kabisa: hakikisha masafa na nguvu unazorusha zinakubalika na TCRA (mamlaka ya mawasiliano), na vifaa vyenyewe vimethibitishwa nao. Mengine wataalamu watakuja.

Dada Rezoneta

Mdogo wangu, kabla ya filta thibitisha ugonjwa. Mnara unaweza kukuumiza kwa njia mbili tofauti, na filta inatibu moja tu.

Njia ya kwanza: ishara ya mnara ina nguvu kiasi cha kuilemea amplifaya ya mwanzo ya kituo chako, ingawa iko kwenye masafa mengine. Hapo filta inasaidia. Njia ya pili: kuna kelele inayotua ndani ya 868 MHz yenyewe, iwe ya mnara au ya chaja mbovu ya sola hapo paani. Filta itaipitisha kelele hiyo pamoja na ishara yako, maana vyote viko kwenye mlango mmoja.

Kuvitofautisha ni rahisi. Weka atenueta (kipunguza ishara) ya dB 10, inayobakiza nguvu moja ya kumi, kati ya antena na kituo, kisha angalia SNR (ishara inaizidi kelele kiasi gani) ya kifaa kimoja kilichotulia mahali pamoja. SNR ikipanda, ingawa umeipunguza ishara yako pia, basi kituo kilikuwa kinalemewa. Isipobadilika, kelele inatoka nje na iko ndani ya bendi. Ikishuka kwa dB 10 hivi, basi kinachokubana ni kelele ya kituo chenyewe, wala mnara hauhusiki.

Fanya kipimo hiki siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepaki. Vifaa vitakuwa vimetulia ufukweni na hutahangaika na chombo kinachoyumba.

Mtoto wa Kibirizi

Asante dada. Nimefanya. Kwa kifaa kilichoko Bangwe SNR imepanda waziwazi nilipoweka atenueta, na pakiti zilizokuwa zinapotea zimeanza kuingia. Kwa hiyo kituo kinalemewa. Bodi niagize?

Dada Rezoneta

Hapana, usiagize. Ngoja nikueleze kwa hesabu, kwa sababu hapa ndipo filta nyingi za mikrostripi zinapofia.

Kila rezoneta ina Q yake, yaani inatunza nishati kiasi gani ikilinganishwa na inayopoteza kila mzunguko. FR-4 ina tan δ (kipimo cha upotevu wa kihami) ya karibu 0.02. Kinyume cha 0.02 ni 50, na karibu na hapo ndipo dari ya Q yako ilipo hata kama shaba ingekuwa haina upotevu wowote. Hakuna mchoro utakaoivuka kwa kiasi cha maana.

Sasa upotevu wa filta katikati ya bendi, kwa dB, ni karibu 4.343 mara jumla ya g zote (namba za jedwali la filta, moja kwa kila rezoneta), gawanya kwa upana wa bendi kama sehemu ya masafa, gawanya tena kwa Q. Filta ya aina ya Chebyshev ya rezoneta 3 yenye ripo (kupanda na kushuka ndani ya bendi) ya dB 0.1 ina g za 1.0316, 1.1474 na 1.0316. Jumla 3.21. Upana wako ni 10 kwa 868, yaani 0.0115. Weka Q ya 50: unapata dB 24. Juu ya maji, ambako ishara inasafiri karibu kama hewani tupu, dB 24 ni kuugawanya umbali kwa 16. Utakuwa umeunyamazisha mnara pamoja na wavuvi wako.

Utasema basi nipanue bendi. Ipanue iwe 87 MHz: upotevu unashuka hadi dB 2.8, lakini kwenye 935 MHz, pale minara ya GSM 900 inapoanzia kurusha, filta inakata dB 4 tu. Haijafanya kazi yoyote.

Na bado kuna suala la ulinganifu. Er ya FR-4 (namba ya kihami inayopanga kasi ya wimbi) inacheza kati ya bodi na bodi. Ikitoka 4.3 kwenda 4.5 masafa yanahama MHz 15 au zaidi, na bendi yako yote ni 10.

Unahitaji rezoneta za hewa, fimbo za shaba ndani ya sanduku. Q ya 1500 inapatikana kwa mtu makini bila karakana kubwa, na upotevu unakuwa dB 0.8. Kinadharia filta hiyohiyo ya 10 MHz inakata zaidi ya dB 50 kwenye 821 MHz, mwisho wa LTE 800 upande wa mnara, na zaidi ya dB 60 kwenye 935.

Kaka Mkuu wa Mwanga

Kwani SAW hazipo? Filta ndogo kama punje, bei chee, imeshatengenezwa kwa 868, upotevu dB 2 au 3. Kwa nini kijana ateseke na mabomba?

Dada Rezoneta

Kaka, SAW ni nzuri na ningempa kwa kifaa cha kwenye mtumbwi. Kituo ni habari nyingine. Mlango ule mmoja wa antena unapokea na kurusha, maana kituo kinavijibu vifaa, na SAW nyingi hazistahimili nguvu kubwa ya kurusha. Sanduku la shaba halitishiki na nguvu hiyo. Pia vituo vingi vina SAW ndani, wakati mwingine nyuma ya amplifaya ya mwanzo. Kinachoilinda amplifaya hiyo lazima kikae mbele yake.

Mtoto wa Kibirizi

Nimeelewa, na ile hesabu ya dB 24 imenishtua kweli. Ila hapa Kigoma shaba ya sanduku naitoa wapi? Na fimbo ziwe ngapi, urefu gani?

Fundi Friji Ujiji

Bomba la shaba la nusu inchi lipo kwetu sisi wa friji na AC, vipande vinabaki kila siku. Pita Ujiji nitakukatia, na ncha nitakunyooshea kwa keekee ya meza. Sanduku ndilo sijui, bati la shaba nene si rahisi hapa.

Dada Rezoneta

Asante sana fundi, nusu inchi ndiyo hasa tunayoitaka.

Kwa sanduku, mdogo wangu, ile FR-4 ndiyo itakayotumika. Kama kihami imekushinda, kama ukuta inafaa. Shaba yake ina mikroni 35, na kwenye 868 MHz mkondo unakaa ndani ya mikroni 2 na kidogo za juu. Uso wa shaba ukiutazamisha ndani, mawimbi hayajui kwamba nyuma yake kuna nyuzi za kioo. Kata kuta, zilehemu kwa risasi mshono wote, usiweke vituo vituo.

Vipimo vya kuanzia. Robo ya wimbi ni milimita 86, basi kimo cha ndani kiwe hicho. Nafasi kati ya kuta mbili kubwa iwe milimita 40: kwa fimbo ya nusu inchi unapata impidansi ya karibu ohm 83, jirani na pale Q inapokuwa nzuri zaidi. Fimbo tatu za milimita 78 hivi, na mbele ya ncha ya kila moja skrubu ya brasi ya kurekebishia. Skrubu ya chuma itakula Q.

Zingatia hili: fimbo zipishane, moja ishikwe chini, inayofuata juu, ya tatu chini. Ukizishika zote upande mmoja zikiwa na robo nzima ya wimbi, kaplingi (muungano kati ya fimbo) ya umeme na ya sumaku zinafutana na hutapata filta. Wanaozipanga upande mmoja huzifupisha sana na kuzipa kapasita nchani. Hiyo tuiache.

Umbali kati ya fimbo, katikati hadi katikati, anza na milimita 65. Waya wa konekta uguse fimbo ya mwisho karibu sana na mzizi wake, milimita 4 hivi kutoka ukutani. Mzizi ulehemu vizuri kuliko sehemu nyingine zote, kwani ndipo mkondo mkubwa unapopita.

Nyuki wa Sikonge

Paa la bati mchana wa Kigoma ni moto. Haitahama masafa?

Dada Rezoneta

Shaba inatanuka sehemu 17 kwa milioni kila nyuzi moja. Nyuzi 30 za tofauti ni kama MHz 0.44. Kwenye bendi ya 10 haisumbui. Ninachokiogopa ni unyevu wa masika na umande wa ziwani. Azizibe konekta na skrubu kwa silikoni baada ya kurekebisha, aweke sanduku ndani ya boksi la umeme la plastiki, na aache tundu dogo upande wa chini.

Kurekebisha: kwa NanoVNA angalia ucheleweshaji wa S11 (ishara inayorudi mlangoni), usihangaike na S21 (inayopita hadi mlango wa pili) mwanzoni. Kaza skrubu zote hadi ziguse fimbo. Fungua ya kwanza mpaka kilele kikae 868. Urefu wake unatakiwa uwe nanosekunde 66. Ukiwa mkubwa zaidi, sogeza mguso wa waya mbali na mzizi kidogo. Ukiwa mdogo, usogeze karibu. Fungua ya pili mpaka mchoro uwe na pande mbili sawa kulia na kushoto, katikati pasome karibu 73. Ya tatu vivyo hivyo, 131. Zikifika hapo filta imekaa, na S21 itajionyesha yenyewe. Kwenye 935 kipimo chako kitafika mwisho wa uwezo wake kabla ya filta, kwa hiyo usikate tamaa ukisoma chini ya dB 60.

Kabla ya hayo yote lehemu fimbo mbili tu kwanza. Ziunganishe kwa mbali sana na milango, na pima vilele viwili vya S21 vinaachana kiasi gani. Tunataka MHz 9.2.

Mtoto wa Kibirizi

Wakuu, nimetoka Ujiji kwa fundi, Mungu ambariki, hakutaka hata shilingi. Fimbo mbili zimesimama kwenye milimita 65, bado nimezibana kwa vibanio. Vilele vinaonekana vizuri kabisa, vinaachana MHz 11.

Dada Rezoneta

Safi sana. Kaplingi imezidi kidogo. Ongeza milimita 2 kati yao, pima tena, na ikisoma 9 na kitu ndipo ulehemu.